Miradi ya wanafunzi wa uhandisi huishia wapi baada ya siku ya maonyesho?

#1 Mtaa_wa_Nne
Wadau, hamjambo. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa tano wa uhandisi hapa Nairobi wanapanga mashine zao ukumbini: ya kupukuchua mahindi, ya kupima maji ya tangi kwa simu, mkono wa roboti, taa za barabarani zinazohesabu magari. Wakubwa wanapita, picha zinapigwa, mshindi anapewa cheti na bahasha. Mwaka unaofuata ukirudi ukumbi uleule unakuta mashine zilezile, ni sura za wanafunzi tu zimebadilika. Zile za mwaka jana ziko wapi? Dai langu: tatizo si akili wala pesa. Ni kwamba hakuna mtu anayehitaji zifanye kazi baada ya siku ile. Nipingeni.

#2 Lehemu254
Ya kwangu iko chini ya kitanda. Karibu Ngara ujionee, lakini uje na tochi.

#3 Nati_na_Bolti
Mtaa_wa_Nne, hilo la "si pesa" limesemwa na mtu ambaye hajawahi kuteremka Luthuli Avenue na orodha ya vifaa mkononi huku pesa ya HELB, ule mkopo wa serikali kwa wanafunzi, imebaki ya nauli. Chuo kinakupa msimamizi na karatasi. Mota, sensa, betri, chuma, hayo ni yako na mzazi wako.

Sasa nikujibu ziko wapi: zimefunguliwa. Mota niliyotumia niliachiwa na dada aliyenitangulia, nami nikamwachia kijana aliyenifuata. Mota ile imehitimu mara nyingi kuliko sisi sote. Mtahini akishaondoka, kesho yake mashine inafunguliwa skrubu kwa skrubu, kila mtu anadai chake. Huyu alitoa betri, yule aliazima kompyuta ndogo, feni ni ya jirani wa hosteli. Kinachobaki ni fremu, na fremu anauziwa wa vyuma chakavu.

#4 Binti_wa_Stima
Niko mwaka wa tano sasa hivi, wacha niseme kabla sijaitwa maabara. Mnaongea kama vile mradi ni mashine. Mradi ni ripoti. Alama zinatafutwa kwenye pendekezo, kwenye ripoti na pale unaposimama mbele ya jopo ukaulizwa maswali. Mashine inatakiwa iamke kwa dakika kumi. Ikiamka na video ikapigwa, kazi imekwisha. Sasa zimebaki wiki mbili, utazitumia kuifanya imara au kuandika sura ya nne? Mwenye akili anaandika sura ya nne. Si uvivu, ni hesabu.

#5 Kijiwe_Kayole
Mnazungukazunguka tu. Watu wanaficha miradi kwa sababu wanajua yaliyompata yule mwanafunzi wa M-Pesa. Kijana kabuni mfumo mzima kama mradi wa chuo, kampuni ikamwita chai, akatoka mikono mitupu. Nani atatoa wazo lake tena?

#6 Hesabu_Safi
Kijiwe, hadithi hiyo haizeeki. M-Pesa ilianza ndani ya Vodafone, Uingereza. Nick Hughes ndiye aliyeombea wazo hilo pesa kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza, Susie Lonie akaja Kenya kulisimamisha. Majaribio yalianza 2005, na hayakuwa ya kutumiana pesa. Yalikuwa ya wateja wa Faulu kulipa mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kuutumia mfumo kwa mambo yao wenyewe, wenye mradi wakaona wapi pana njaa, na Machi 2007 Safaricom ikaufungulia umma. Huyo mwanafunzi unamweka wapi hapo katikati?

#7 Kijiwe_Kayole
Hiyo ni historia ya wenye kampuni. Sawa, chukua. Lakini nenda hosteli yoyote uulize, hii yangu wanaijua wote, hiyo yako hawaijui. Na wanaficha kweli kweli. Hata sababu ikiwa ya uongo, kuficha ni kwa kweli.

#8 Sheria_Ndogondogo
Kijiwe #7 kagusa jambo. Wazo likiwa kichwani au kwenye slaidi halina mwenyewe kisheria. Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001 inalinda uvumbuzi ulio mpya, usio dhahiri kwa fundi wa fani hiyo, na unaoweza kutengenezwa au kutumika. Hataza, yaani cheti kinachompa mvumbuzi haki ya peke yake, ni miaka 20 kuanzia siku ya kuwasilisha ombi, mradi ada za kila mwaka zilipwe. Kuna na cheti cha ngazi ya chini, cha miaka 10, ambacho hakidai huo usio-dhahiri. Mashine nyingi mnazozitaja hapa zingepitia mlango huo, lakini wanafunzi wanaoufahamu ni wa kuhesabu. Ofisi za KIPI, taasisi ya serikali inayotoa vyeti hivyo, ziko hapa hapa Nairobi.

Mwanafunzi pia si mwajiriwa, kwa hiyo kile kifungu cha uvumbuzi wa mwajiriwa si chake moja kwa moja. Kinachomfunga ni sera ya chuo aliyoikubali siku ya kusajiliwa, ambayo hakuisoma.

#9 Lehemu254
Nani asome? Siku ile tulikuwa tunatafuta godoro.

#10 Duka_Kirinyaga_Road
Wakili, na si kweli kwamba ukishaonyesha mashine hadharani hataza imekufa? Ndivyo tulivyoambiwa, ndiyo maana wengine hawaendi maonyesho.

#11 Sheria_Ndogondogo
Kwa Kenya, ukionyesha mwenyewe una miezi 12 ya kuwasilisha ombi kabla maonyesho yako hayajatumika dhidi yako. Nchi nyingine ni kali zaidi, kwa hiyo mwenye ndoto za Ulaya apeleke karatasi kwanza ndipo apange meza.

#12 Mama_Vifaranga
Habari zenu wanangu. Mimi si mhandisi, nafuga kuku huku Ruai, na Mtaa_wa_Nne ninalo jibu lako kwa sababu mradi mmoja uko kwangu.

Nilinunua mashine ya kuangua vifaranga kwa mwanafunzi baada ya maonyesho, chuo sitakitaja. Sanduku la plaiwudi, ndani kabandika karatasi ya fedha, balbu nne, feni ya kompyuta, kijimota cha kugeuza mayai, na kioo kidogo kinachoandika joto. Ilishika 37.5 vizuri kabisa. Vifaranga wa kwanza walitoka hadi majirani wakaja kuangalia. Awamu iliyofuata, usiku wa siku ya kumi na nane, siku tatu kabla ya kuanguliwa, balbu zikakataa kuzima. Asubuhi nafungua, nakutana na harufu ya mayai ya kuchemsha. Kioo bado kinaandika, tena kwa adabu, nyuzi 52.

Nikampigia yule kijana. Kapata kazi ya benki, Eldoret. Akaniambia, "Pole mama, programu ilikuwa kwenye laptopu na laptopu iliibiwa." Si mtoto mbaya, alinitumia na pesa kidogo ya mayai. Lakini mashine haina baba.

#13 Bwana_Rilei
Pole mama. Naweza kukisia nikiwa nimekaa hapa hapa Umoja: rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, imegandana. Zile ndogo za samawati, zimeandikwa ampea 10, na wanafunzi huiamini namba hiyo. Balbu ya waya ikiwa baridi huvuta mkondo mkubwa mara nyingi kuliko ikishawaka. Kwa hiyo kila inapowashwa, ncha za rilei zinapigwa cheche. Inawasha na kuzima usiku kucha, kwa wiki, kwa mwezi. Siku moja ncha zinachomeleana. Programu inasema zima, rilei haina uwezo wa kuzima, joto linapanda huku kompyuta ikijua na isiweze kufanya kitu. Ndiyo maana kioo kiliendelea kuandika kwa adabu.

Dawa yake: themostati ya pili, ya kimakanika, iliyofungwa mfululizo na balbu, inayokata stima kwenye 38.5 hivi bila kuomba ruhusa ya kompyuta. Mbele ya jopo hitilafu hii haionekani. Dakika kumi za Binti_wa_Stima hazitoshi kuchoma rilei.

#14 Nati_na_Bolti
Muhtasari: mtu wa umeme aliandika programu safi akasahau chuma. Bandikeni mlangoni kwa idara.

#15 Binti_wa_Stima
Nyinyi wa makanika, ile mashine yenu ya kupukuchua ilimpiga mgeni wa heshima punje za uso. Nyamaza kidogo.

#16 Mama_Vifaranga
Bwana_Rilei asante, ndivyo fundi wa Kariobangi alivyosema, ila yeye hakusema mengi. Aling'oa bodi yote na kioo chake, akaweka themostati ya kile kidonge cha shaba kinachofura kwa joto na kubonyeza swichi. Inaangua hadi leo. Mayai nageuza kwa mkono.

#17 Karakana_Kariobangi
Huenda nilikuwa mimi, mama, ama jirani yangu. Vidonge hivyo tunaweka kila wiki.

Sasa wacha nimjibu mwenye uzi. Miradi inakufa kwa sababu mashine hiyo ipo tayari sokoni. Nenda Kamukunji, njoo Kariobangi Light Industries, utakuta mashine za kukata majani ya ng'ombe, za kupukuchua, za kuangua, zimepangwa barabarani na bei inajadiliwa. Mwanafunzi anaileta ileile, kaongeza simu. Mkulima wa Githunguri anataka kisu kisichopoteza makali na beringi anayoipata Kiambu mjini. Hahitaji ng'ombe wake apokee ujumbe.

Jambo lingine mnaloogopa kulitaja: hao wanafunzi huja kwetu jioni na mchoro. Tunakata, tunachomelea, tunasaga. Wao wanapaka rangi na kubandika nembo. Siwalaumu, wanalipa. Lakini jopo likiuliza nani alichomelea kiungo hiki, jibu liko huku.

#18 Mkongwe_wa_Themanini
Vijana, hamkuanza nyinyi. Tulioona gari la Nyayo hatushangai. 1986 Rais Moi aliwataka Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, hata kama litakuwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Wakalitengeneza! Wahadhiri, mafundi wa karakana za reli, watu wa Kenya Polytechnic, jeshi. Likaitwa Pioneer. Likazinduliwa Kasarani 1988, moja tu, nchi nzima ikashangilia, na hapo ndipo pakawa mwisho.

#19 Hesabu_Safi
Mzee heshima yako, ila uzinduzi ulikuwa Februari 1990. Na hayakuwa moja, yalikuwa matano. Mwisho wake pia haukuwa pale: iliundwa Nyayo Motor Corporation ya kuyazalisha, pesa za uzalishaji zikakosekana, shirika likageuka Numerical Machining Complex. Hiyo ipo hadi leo, inakereza vipuri.

#20 Mkongwe_wa_Themanini
Matano ndiyo. Ila mimi niliyeona kwa macho ni moja, na halikunisubiri.

Hoja yangu haibadiliki: gari lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Ikulu. Likikosa mwenyewe huyo, hata injini ikiwa nzuri haliendi. Mama wa Ruai kasema mashine yake haina baba. Pioneer lilikuwa na baba mmoja mkubwa mno, hakuna mwingine aliyethubutu kulilea.

#21 Jirani_wa_Kampala
Sisi huku tuliendelea. Makerere walitoka na Kiira EV mwaka 2011, gari la viti viwili la betri, kazi ya wanafunzi na walimu wao. 2016 likaja basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa. Serikali ikaweka pesa, ikaundwa kampuni ya Kiira Motors, kiwanda kiko Jinja. Mradi wa wanafunzi unaweza kukua, lakini mtu lazima auandikie hundi mwaka wa kwanza, wa tano na wa kumi.

#22 Mtaa_wa_Nne
Jirani, hapo unanipinga au unaniunga mkono? Mimi nimesema hakuna anayehitaji zifanye kazi. Huko kwenu serikali ilihitaji.

#23 Nati_na_Bolti
Anakupinga. Amesema hundi. Hundi ni pesa. Soma #3 pole pole.

#24 Abiria_wa_Jogoo_Road
Wa mabasi ya umeme, mnajua Roam hii ya hapa Nairobi, ya pikipiki na mabasi, ilianzia chuoni? Zamani iliitwa Opibus. Ilitokana na mradi wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, mwaka 2017 wakaja kuifanya kampuni hapa. Mradi wa chuo cha Uswidi umekuwa kiwanda Nairobi. Wa chuo cha Nairobi uko chini ya kitanda cha Lehemu254. Nimeleta tu.

#25 Lehemu254
Uache kitanda changu.

Lakini ni kweli inauma. Hawa watu hawakutuzidi akili. Walipomaliza masomo walikuwa na muda wa kukosea bila kuulizwa nyumbani mshahara wa kwanza uko wapi. Mimi wiki ya mahafali mjomba alishanitafutia kazi ya kuuza bima. Ningemwambia nini, kwamba nasubiri prototaipu? Mama yangu angeniita nyumbani aniombee.

#26 Kijiwe_Kayole
Huyu kasema. Uhandisi wetu unaishia kwa mjomba.

#27 Nyota_ya_Embakasi
Mnalia sana. Kuna mradi uliofika angani: Taifa-1, satelaiti ya kwanza ya Kenya, Aprili 2023, ilirushwa kwa roketi ya SpaceX kutoka California. Hiyo nayo iko chini ya kitanda cha nani?

#28 Binti_wa_Stima
Taifa-1 haikuwa ya wanafunzi, na haikuwa ya kwanza. Ya kwanza kumilikiwa na Kenya ilikuwa 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, uzito kilo moja na kitu. Ilitengenezwa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, ikapata nafasi kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani, na tarehe 11 Mei 2018 ikaachiliwa kutoka sehemu ya Wajapani, Kibo, kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilizunguka dunia hadi 2020 ikashuka na kuungua hewani.

Hapa hapa nawaambia: huo ndio mradi pekee ninaoujua ambao swali la "uko wapi" lina jibu la tarehe.

#29 Nyota_ya_Embakasi
Sentimita kumi? Hilo ni sanduku la chaki.

#30 Bwana_Rilei
Sanduku la chaki lenye redio, betri, kamera, na joto la kupanda na kushuka kila dakika tisini. Huwezi kutuma fundi wa Kariobangi huko. Rilei ikigandana ndiyo basi. Kitu kama hicho kinamfundisha mtu kufikiria hitilafu kabla haijatokea, na hilo ndilo ripoti ya chuo haikudai kwa mashine ya mama.

#31 Mkongwe_wa_Themanini
Na Waitaliano tumeanza nao zamani. Desemba 12, 1970 ilirushwa satelaiti ya Wamarekani kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku ya sikukuu yetu, wakaiita Uhuru. Nilikuwa darasani.

#32 Kaka_Mwandishi
Mnajua mambo mengi ya anga, mnaogopa ya ardhini. Miradi mingine haina pa kwenda kwa sababu haikutoka kwa huyo mwanafunzi. Inanunuliwa. Utapanda ngazi fulani katikati ya mji, ghorofa ya kati, utapata kijana mwenye meza, mashine za kuchagua: kengele ya mwizi, umwagiliaji wa kujiendesha, mlango wa alama za vidole. Ripoti bei yake, mashine bei yake, na ukitaka kufundishwa majibu ya jopo unaongeza kidogo. Niliwahi kuandika ripoti hizo nikiwa sina kazi, kwa hiyo usiniulize nimejuaje. Kengele ya mwizi niliiandikia sura ya pili hadi nikawa naiota.

Sasa mtu aliyeinunua ataiendeleza vipi? Hajui hata waya mwekundu unaenda wapi.

#33 Binti_wa_Stima
Usitufunge wote kamba moja. Nimechoma vidole kwa lehemu mwaka mzima.

#34 Kaka_Mwandishi
Dada, nyinyi ndio mlionifukuza kazini. Wakianza kuuliza maswali darasani, wateja wanapungua.

#35 Mhadhiri_Asiyelala
Nimesoma kimya hadi hapa, sasa naomba nafasi. Nafundisha uhandisi, sitasema wapi.

Kwanza, vichwa vya miradi kurudiwa. Mwanafunzi akileta kichwa kipya kabisa, kamati inauliza nani atakisimamia, vifaa viko wapi, itapimwaje. Kichwa kilichokwisha kufanywa kinapita asubuhi. Nasi tuna wanafunzi wengi na wahadhiri wachache, kwa hiyo tunaopitisha ni sisi. Hilo nalikubali.

Pili, sikubaliani na msingi wa uzi wenyewe. Mradi wa mwaka wa tano ni zoezi. Hatumuulizi mwanafunzi wa udaktari maiti aliyoipasua iliishia wapi. Tunamuuliza kama sasa anaweza kupasua. Yule kijana wa Ruai, popote alipo, leo anajua rilei hugandana. Hilo limelipiwa kwa mayai ya mama, samahani mama, lakini limejifunzwa.

#36 Nati_na_Bolti
Mwalimu, maiti haialikiwi waandishi wa habari wala haikatiwi utepe.

#37 Mama_Vifaranga
Na mayai yalikuwa ya Kienyeji, mwalimu. Usiyapitie haraka.

#38 Mhadhiri_Asiyelala
Hiyo ya utepe nimeikubali. Maonyesho yanafanywa ili chuo kionekane, na mwanafunzi anadhani yanafanywa ili mradi wake uonekane. Hapo ndipo anapovunjika moyo.

Mama, kijana angekuwa na themostati ya pili kama mtahini mmoja tu angemuuliza, "Rilei ikikataa kufunguka, inakuwaje?" Mimi huuliza. Wenzangu wengine huuliza idadi ya marejeleo kwenye ripoti.

#39 Lehemu254
Marejeleo yangu yalikuwa mengi kuliko waya.

#40 Msichana_wa_Juja
Mwalimu #35, kama ni zoezi tu, kwa nini wengine wanatoka? Norah Magero, mhandisi wa hapa Kenya, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi 2022, wakati huo ya pauni 25,000, kwa VacciBox, friji ya jua ya kubebea chanjo. Sasa mniambie, ni zoezi gani lilimtoa?

Huku kwetu Chuo Kikuu cha JKUAT wenzetu wa mekatroniki wana roketi zao za Nakuja, kikundi kinachofuata kinachukua pale kilipoachiwa. Hakuna anayefungua skrubu siku ya pili. Labda kasoro ni kwamba mradi mmoja ni wa mtu mmoja au wawili. Wakiondoka, umeondoka. Wekeni mradi mmoja kwa vikundi vya miaka mitano mfululizo muone.

#41 Nati_na_Bolti
Na alama unagawaje? Mwaka wa kwanza wamejenga fremu, wa tano wamepaka rangi wakachukua tuzo.

#42 Msichana_wa_Juja
Rangi ni kazi yenu nyinyi wa makanika, mtazoea.

#43 Sheria_Ndogondogo
Na umiliki je? Vikundi vitano, hataza moja, majina ishirini. Karibuni ofisini.

#44 Kijiwe_Kayole
Si nilisema? Watu wataficha.

#45 Karakana_Kariobangi
Nyinyi mnabishana sana. Nitoe kitu. Mwezi wa tano, wakati wa mafunzo ya kazini, niletee wanafunzi wawili: mmoja wa umeme, mmoja wa makanika, wasiopendana ndiyo bora. Wakae hapa wiki nane. Sitaki mradi. Nataka wachukue mashine ya kuangua ninayouza kila siku waniambie inakufa kwa nini, maana zinarudi na mimi nabadilisha tu kidonge bila kujua. Chai na chapati ni juu yangu. Waje na viatu vya ngozi, si raba.

#46 Mhadhiri_Asiyelala
Fundi, hilo nalichukua leo hii. Nitumie ujumbe wa ndani. Utatia saini kitabu chao cha kumbukumbu kila wiki?

#47 Karakana_Kariobangi
Nitatia, hata mihuri ninayo miwili.

#48 Binti_wa_Stima
Na bima? Sisi tuliambiwa hakuna barua bila karakana kuonyesha bima ya wafanyakazi.

#49 Karakana_Kariobangi
Bima ya nani? Hapa tuna ndoo ya mchanga na maji baridi.

#50 Mhadhiri_Asiyelala
Basi niacheni nione kama wanaweza kukatiwa na chuo. Ofisi inayohusika huchukua muda, kwa hiyo naanza kuandika leo. Fundi, nipe jina la karakana jinsi lilivyoandikwa kwenye leseni ya kaunti.

#51 Karakana_Kariobangi
Leseni ya mwaka huu ama ya mwaka jana?